“Sasa Inafanya Kazi” Haitoshi: Uhakiki wa Namna Tunavyotibu Kasoro za Emuleta

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua 7, igawanye kwa 0. Mwalimu wa hesabu atakuambia haiwezekani, na mjadala umeishia hapo. Lakini prosesa si mwalimu. Ikipewa amri, lazima ifanye kitu. Prosesa za familia ya x86, zile za Intel na AMD zilizo kwenye laptop nyingi, husimamisha kazi na kutoa taarifa ya kosa. Prosesa za ARM za biti 64, kama iliyo kwenye simu yako, hazilalamiki: zinarudisha 0 na maisha yanaendelea. RISC-V nayo inarudisha -1. Swali moja, majibu matatu, na yote matatu ni sahihi, kwa sababu kila moja limeandikwa kwenye kanuni za prosesa husika.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu anayeandika emuleta, yaani programu inayoiga prosesa moja ndani ya nyingine. Laptop yako ni x86, unataka iendeshe programu za ARM. Ukifika kwenye amri ya kugawanya, ukaandika tu “a gawanya kwa b” kwa lugha ya C, ukaridhika, umeshazalisha kasoro. Siku programu ya mgeni itakapogawanya kwa 0 ikitegemea jibu la ARM, emuleta nzima inaweza kuanguka, kwa sababu laptop yako imejibu kwa tabia ya nyumbani kwake. Na lugha ya C yenyewe haikuahidi jibu lolote kwa hesabu hiyo.

Makala hii inahusu kasoro za namna hiyo: jinsi zinavyotafutwa, zinavyotibiwa, na hasa jinsi tunavyojidanganya kwamba zimepona. Nitaitazama zaidi QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, kwa sababu ni programu huria na huenda umeshaitumia bila kujua. Emuleta ya Android wanayotumia wanafunzi wetu kujaribu app zao imejengwa juu yake. Ukisoma mifumo endeshi au RISC-V bila kuwa na bodi mkononi, uwezekano ni mkubwa kwamba bodi yako ni QEMU. Kwa hiyo emuleta ikikosea, wewe ndiye unayejifunza kosa hilo, tena ukaliweka kwenye ripoti ya maabara kama ukweli.

Kasoro hii si kama nyingine

Kwenye programu ya kawaida, mtumiaji anajua anachotaka. Kitufe cha “Tuma” kisipotuma, kuna kasoro. Kwenye emuleta mambo ni tofauti. Kipimo cha usahihi ni silikoni: kile prosesa halisi ingefanya, hata kama kinachofanyika ni upuuzi.

Mfano maarufu ni prosesa ya 6502 ya mwaka 1975, iliyotumika kwenye Apple II. Ina amri ya kuruka inayosoma anwani ya kwenda kutoka kwenye memori. Anwani hiyo ni baiti mbili. Ikiwa baiti ya kwanza iko mwisho kabisa wa ukurasa wa baiti 256, prosesa haivuki kwenda ukurasa unaofuata kuchukua ya pili. Inarudi mwanzo wa ukurasa uleule. Ni kosa la wabunifu. Lakini mwandishi wa emuleta ya 6502 “akiisahihisha” amri hiyo, yeye ndiye aliyekosea. Kuiga ni kuiga, pamoja na kilema.

Je, ni kila kilema? Mwaka 1994 prosesa ya Pentium ya Intel iligundulika kuwa inakosea kugawanya baadhi ya namba za desimali. 4195835 gawanya kwa 3145727 inatakiwa kuwa takriban 1.33382; Pentium mbovu ilitoa 1.33374. Intel ilitenga dola milioni 475 kugharimia kadhia hiyo. Je, emuleta inayosema “naiga Pentium” iige na hilo? Jibu langu: inategemea imeahidi nini. Emuleta inayohifadhi historia ya mashine fulani ina haki ya kuiga mpaka chunusi. Ile inayoahidi kufuata kanuni za familia nzima, kama QEMU, haina sababu. Kinachokera ni emuleta isiyosema imeahidi kipi, kwa sababu bila ahadi huwezi kuhukumu kama ripoti uliyoletewa ni kasoro au ni malalamiko tu.

Namna ya kumsaka mwizi

Ugumu wa kazi hii ni kwamba dalili hutokea mbali na chanzo. Tuchukue mfano wa kubuni, ila umejengwa juu ya kanuni halisi za x86.

Kila ukijumlisha, prosesa huweka bendera kadhaa. Mojawapo ni bendera ya namba ya kubeba, kama ile moja unayoibeba ukijumlisha 8 na 7. Kukokotoa bendera zote baada ya kila amri ni gharama, na mara nyingi hakuna anayeziuliza. Kwa hiyo QEMU, inapoiga x86, huahirisha: inakumbuka hesabu ya mwisho ilikuwa ipi, na bendera zinakokotolewa pale tu zinapohitajika. Ujanja mzuri, na ni sehemu ya kasi yake.

Lakini x86 ina amri ya kuongeza moja, INC, ambayo hubadilisha bendera nyingine na kuiacha ile ya kubeba kama ilivyokuwa. Tuseme mwandishi wa emuleta fulani ameona INC ni sawa tu na “jumlisha 1”. Programu nyingi hazitagundua chochote. Sasa ije programu inayojumlisha namba ndefu sana, kipande kwa kipande, ikitumia INC kusogea kutoka kipande kimoja hadi kingine huku ikitegemea ile moja iliyobebwa bado ipo. Haipo. Jumla inatoka na kosa, mara chache tu, pale panapokuwa na kubeba. Namba ndefu kama hizo hutumika kwenye usimbaji fiche. Matokeo yake mtu analeta ripoti: “Tovuti fulani inakataa kufunguka, ukijaribu mara ya tatu inafunguka.”

Ona umbali uliopo kati ya malalamiko hayo na amri moja ya INC. Katikati kuna mamilioni ya amri zilizotekelezwa sawasawa.

Wataalamu wana njia mbili kuu za kuuvuka umbali huo. Ya kwanza ni kukata katikati. Tuseme toleo la Januari lilikuwa zima, la Juni ni bovu, na kati yake kuna mabadiliko 1,000 ya msimbo. Hujaribu moja moja. Unajaribu lile la katikati; likiwa zima, mwizi yuko nusu ya pili; likiwa bovu, yuko nusu ya kwanza. Zinabaki 500, kisha 250, kisha 125. Majaribio 10 yanatosha, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 10 ni 1,024. Git ina amri maalumu ya kukufanyia hesabu hiyo. Ila njia hii ina sharti: lazima kuwe na wakati ambapo mambo yalikuwa sawa. Kasoro iliyozaliwa pamoja na emuleta haipatikani hivyo.

Ya pili ni kulinganisha hatua kwa hatua. Unaendesha programu ileile kwenye emuleta na kwenye prosesa halisi, au kwenye emuleta mbili zilizoandikwa na watu tofauti, na baada ya kila amri unaandika hali ya rejista zote. Kisha unatafuta mstari wa kwanza unaotofautiana. Hapo ndipo INC yetu ingekamatwa, maana bendera ya kubeba ingekuwa 1 upande huu na 0 upande ule, muda mrefu kabla tovuti haijakataa kufunguka.

Kiraka kinachotibu dalili

Sasa tuje kwenye uhakiki wenyewe. Lawama yangu ya kwanza ni kwa kiraka cha “sasa inafanya kazi”.

Mtu mwenye haraka angeweza kuitibu kasoro ile ya INC kwa njia ya mkato: programu ikiwa ni ile, ruka hatua hii, tovuti inafunguka, tikiti inafungwa, kila mtu ameridhika. Ila kosa la kuhesabu bado limelala palepale, linamsubiri mwingine, safari hii labda kwenye hesabu za utafiti wa mtu ambaye hatajua kamwe kwamba jibu lake si sahihi. Tovuti iliyokataa kufunguka angalau ilipiga kelele.

Historia ya emuleta za michezo imetuonyesha mkato huu unakoishia. ZSNES, emuleta ya mashine ya Super Nintendo iliyopendwa sana mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo msimbo wake baadaye uliwekwa wazi, ililenga kasi kuliko usahihi. Kwa kompyuta za wakati huo, ulikuwa uamuzi wa busara. Bila hivyo wengi wasingecheza kabisa. Lakini watu walianza kutafsiri michezo ya Kijapani na kuijaribu kwenye ZSNES peke yake. Baadhi ya tafsiri hizo, zikiwekwa kwenye mashine halisi, zikagoma. Kumbe zilikuwa zimeandikwa kufuata makosa ya emuleta. Yaani nakala ilikuwa imegeuka kipimo, na mashine halisi ndiyo ikaonekana mbovu! Ilipokuja bsnes, iliyoweka usahihi mbele, baadhi ya watumiaji waliilaumu kwa kuwa nzito na kwa kutoendesha vitu ambavyo ZSNES iliviendesha.

Ndiyo maana nasema kasoro ya emuleta isipotibiwa mapema haibaki kasoro tu. Watu hujenga juu yake, na baadaye kuitoa kunaumiza zaidi ya kuiacha. Wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Macho mengi, lakini yanatazama wapi?

Lawama ya pili ni kwa imani tunayopenda kuirudia sisi wapenzi wa programu huria. Eric Raymond, kwenye kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu utengenezaji wa programu za aina hii, alieneza wazo kwamba watazamaji wa msimbo wakiwa wengi, kasoro hazina pa kujificha. Wazo zuri, na mara nyingi linasaidia. Lakini hebu litazame kando ya tukio la Mei 2015.

Mwezi huo, Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike alitangaza kasoro iliyopewa jina VENOM. Ilikuwa ndani ya QEMU, kwenye sehemu inayoiga kidhibiti cha flopi diski. Si prosesa yenyewe, ila imo ndani ya programu hiyohiyo. Kidhibiti hicho hupokea amri na kuziweka kwenye nafasi ya baiti 512, huku namba moja ikishika mahali baiti inayofuata itakapokaa. Kwa amri mbili kati ya hizo, namba hiyo haikuwa inarudishwa mwanzo inavyotakiwa. Aliye ndani ya mashine pepe akiendelea kutuma baiti, zinamwagika nje ya nafasi yake na kuingia kwenye memori ya emuleta. Kwa maneno mengine, mgeni aliyefungiwa chumbani angeweza kupata njia ya kuingia kwenye nyumba ya mwenyeji. Na QEMU wakati huo ilikuwa chini ya mifumo ya KVM na Xen, inayobeba seva nyingi za kukodi duniani.

Msimbo huo ulikuwapo tangu 2004. Miaka 11 uko wazi, kila mwenye macho anaruhusiwa kuutazama. Na dawa yake ilikuwa mistari michache inayolazimisha namba ile isivuke mpaka.

Kwa nini haikuonekana? Kwa maoni yangu, macho hayakuwa machache; yalikuwa yameelekea kwingine. Mwaka 2015 nani alikuwa na hamu ya kusoma msimbo wa flopi? Watu walikuwa wanatazama kasi, prosesa mpya, vitu wanavyovitumia. Flopi ilibaki kama stoo ya nyuma ya nyumba: hakuna anayeingia, ila mlango wake unafunguka moja kwa moja sebuleni. Kwa mashine pepe za x86 kidhibiti hicho kilikuwapo hata kama hukukiomba.

Sisemi programu za siri ni salama zaidi. Uwazi ndio uliowezesha kila msambazaji kuukagua msimbo na kutoa kiraka haraka. Ninachosema ni kwamba ruhusa ya kutazama si sawa na kutazama.

Tikiti iliyofungwa kwa ukimya

Lawama ya tatu ni nyepesi kidogo, na upande wa pili una haki yake. Mwaka 2021 mradi wa QEMU ulihamisha daftari lake la kasoro kutoka Launchpad kwenda GitLab. Ripoti za zamani zilipewa hali ya “haijakamilika”, na walioziandika wakaombwa kujaribu tena kwa toleo jipya. Siku 60 zikipita bila jibu, ripoti inafungwa yenyewe.

Nawaelewa. Daftari lililojaa ripoti za miaka kumi iliyopita halimsaidii mtu. Linawachosha wachache wanaofanya kazi hiyo, na wengine wao huifanya baada ya saa za ajira. Lakini tukubaliane kwamba ukimya wa mgonjwa si ushahidi wa kupona. Aliyeripoti mwaka 2013 labda amebadilisha kazi, amebadilisha barua pepe. INC yake, kama bado ni mbovu, haijui kwamba tikiti imefungwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa kasoro zinazokuja na kuondoka. Chukua hii: uzi mmoja wa programu unaandika data, kisha unaandika alama ya “tayari”. Kwenye x86 uzi mwingine utayaona maandishi hayo kwa mpangilio uleule. Kwenye ARM, bila kizuizi maalumu, unaweza kuiona alama ya “tayari” kabla ya data. Sasa emuleta ikiiga x86 juu ya ARM, ikiendesha nyuzi kwa pamoja na ikasahau kizuizi, programu itaharibika mara moja kwa maelfu. Msimamizi akijaribu mara tano haoni kitu, anaandika “siwezi kuirudia” na kufunga. Hakudanganya. Ila kwa kasoro ya aina hii, kujaribu mara tano si kipimo.

Kinachofanya kazi kweli

Kuna watu wanaofanya kazi hii inavyopaswa, na ni haki kuwasifu. Kwa prosesa ya Z80 kuna jaribio la zamani liitwalo ZEXALL, linalopitisha amri kwa michanganyiko mingi ya namba na kulinganisha matokeo na yale ya prosesa halisi, mpaka bendera ambazo hazimo kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kwa upande wa QEMU kuna Risu, inayozalisha amri za kubahatisha, kuziendesha kwenye prosesa halisi na kwenye emuleta, na kukagua rejista. Amri za kubahatisha hazina upendeleo. Hazijali kama sehemu fulani ina mvuto au ni stoo. Na mwaka 2017 kampuni ya Arm ilitoa kanuni za prosesa zake kwa muundo ambao kompyuta inaweza kuusoma, hivyo mabishano ya “kitabu kilimaanisha nini” yanaweza kupunguzwa na mashine.

Ukizitazama njia hizi zote, zina kitu kimoja: hazimuulizi mtumiaji kama ameridhika. Zinaiuliza silikoni, au kanuni zake. Na zikimkamata mwizi zinaacha jaribio nyuma, ambalo litaendeshwa tena kila msimbo ukibadilika. Hicho ndicho ningependa kiwe sharti la kufunga tikiti ya emuleta yoyote: kiraka kije na jaribio linaloshindwa bila kiraka na kufaulu kikiwepo. Kiraka kisicho na jaribio ni ahadi ya mdomo.

Na wewe msomaji? Usiseme “mimi ni mwanafunzi tu, sijui C ya ndani ya QEMU.” Kazi inayokosa watu zaidi haihitaji kuijua yote. Emuleta yako ikikufanyia kituko, andika toleo lake, andika amri uliyoiendesha neno kwa neno, kisha punguza. Programu yako ina mistari 800? Toa nusu, angalia kama kituko kipo. Endelea mpaka ibaki mistari 10 ambayo mtu yeyote, popote, akiiendesha atakiona. Kama una simu au bodi ya ARM ya kulinganishia, linganisha, maana tayari unacho kile kipimo ambacho msimamizi aliye mbali huenda hana. Ripoti ya namna hiyo ni ngumu kuifunga kwa ukimya, hata wewe mwenyewe ukishahama barua pepe.

Ukitaka pa kuanzia, anza na ile hesabu ya juu. Andika programu ndogo ya RISC-V inayogawanya 7 kwa 0, kwa amri ya prosesa moja kwa moja ili kompaila isiingilie, iendeshe kwenye emuleta yoyote uliyo nayo, na uone kama itakupa -1. Ikikupa jibu lingine, hiyo ndiyo ripoti yako ya kwanza.